Mtunzi wa Tano wa Body and Soul

Karatasi ya muziki ya Body and Soul ina majina manne. Johnny Green ndiye aliyetunga muziki, na maneno yaliandikwa na Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton. Tangu wimbo huo ulipochapishwa mwaka 1930, hao wanne, na baada yao warithi na wachapishaji wao, ndio waliotambuliwa na sheria kuwa wenye wimbo, na ndio waliostahili malipo kila ulipochapwa, ulipoimbwa jukwaani au ulipopigwa redioni. Nina heshima kubwa kwa kazi yao, na nitaeleza kwa nini. Hata hivyo naamini kwamba orodha hiyo ina pengo. Jina linalokosekana ni la Coleman Hawkins, mpiga saksafoni ya tenori kutoka Missouri, ambaye tarehe 11 Oktoba 1939 aliurekodi wimbo huo jijini New York kwa dakika tatu hivi, akaiweka kando karibu melodi yote ya Green, hakutumia hata neno moja la Heyman na wenzake, na bado akatoa santuri iliyonunuliwa kwa wingi na iliyoamua namna ambavyo wimbo huo ungesikika kwa vizazi vilivyofuata.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyelelewa na bendi za dansi zilizojiita jazz, kama Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, anahitaji kwanza kujua desturi moja ya jazz ya Marekani. Ziko nyimbo mia kadhaa ambazo kila mwanamuziki wa fani hiyo anatarajiwa kuzijua kichwani. Watu watano ambao hawajawahi kuonana wanaweza kupanda jukwaani Paris au Chicago, mmoja akataja jina la wimbo na ufunguo, yaani noti ya msingi ya kuupigia, wakahesabu hadi nne na kuanza. Nyimbo hizo huitwa standadi, na sehemu kubwa yake haikutungwa na wanamuziki wa jazz. Zilitungwa kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani na filamu, nyingi kati ya miaka ya 1920 na 1940, na watunzi wa New York ambao wengi wao walitoka katika familia za wahamiaji wa Kiyahudi. Wapigaji, wengi wao Wamarekani weusi, walizichukua na kuzijenga upya. Body and Soul ni miongoni mwa zilizorekodiwa mara nyingi zaidi kuliko zote, na kwa hiyo inatufaa sana katika kuuliza ni nani hasa anayeufanya wimbo kuwa standadi: ni yule aliyeuandika, au ni wale waliokataa kuuacha?

Green alizaliwa New York mwaka 1908. Alisoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard, akafanya kazi kwa muda mfupi Wall Street kama baba yake alivyotaka, kisha akaiacha kazi hiyo ili ajitose katika muziki. Hakuwa ametimiza miaka 22 alipoutunga wimbo huu kwa ajili ya Gertrude Lawrence, mwigizaji na mwimbaji wa Kiingereza ambaye Green alikuwa akimpigia piano na ambaye alihitaji nyimbo mpya za kuimba. Lawrence aliondoka nao kwenda London. Eyton, aliyekuwa Mwingereza, akaingia katika orodha ya waandishi, na bendi za dansi za jiji hilo, ikiwamo ile ya Jack Hylton, zikaanza kuurekodi mapema mwaka 1930, kabla watu wa New York hawajaujua. Jina la Hylton lafaa kukumbukwa, kwa kuwa litarudi katika habari hii kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia.

Oktoba mwaka huohuo wimbo ulirudi Marekani. Libby Holman aliuimba katika Three's a Crowd, onyesho lililofunguliwa Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho jijini New York, tarehe 15 Oktoba 1930, na kutoka hapo ukasambaa kwa kasi, huku bendi kubwa kama ya Paul Whiteman zikiurekodi. Maneno yake ni ya mpenzi anayejitoa kabisa kwa mtu asiyemjali, na kwa baadhi ya watangazaji wa redio wa wakati ule namna anavyojitoa ilivuka mipaka ya adabu. Kwa maoni yangu maneno hayo ndiyo sehemu dhaifu ya wimbo. Yana malalamiko mengi na picha chache, na Heyman mwenyewe alikuja kuandika vizuri zaidi miaka mingi baadaye katika When I Fall in Love, ambamo alitumia maneno machache na kila moja likabeba uzito wake. Kama Body and Soul ungetegemea maneno, nadhani leo ungejulikana na watafiti wa maonyesho ya Broadway peke yao.

Kilichowanasa wapigaji ni muziki, na hasa daraja lake. Wimbo una vipimo 32, yaani vipande vya mapigo manne manne, vilivyogawanywa katika sehemu nne za vipimo vinane vinane: sehemu ya kwanza inapigwa, inarudiwa, linakuja daraja lenye melodi tofauti, kisha sehemu ya kwanza inarudi kufunga. Mpangilio huo ulikuwa wa kawaida kabisa mwaka 1930. Kisichokuwa cha kawaida ni mwendo wa kodi zake, yaani yale makundi ya sauti yanayopigwa pamoja chini ya melodi. Hawkins, na wengi waliomfuata, waliupiga katika ufunguo wa D flati. Wimbo hauanzii kwenye kodi ya nyumbani, yaani ile ya ufunguo wenyewe. Unaanzia pembeni, kwenye E flati mainori, na kuikaribia nyumbani polepole. Likifika daraja, kila kitu kinapanda nusu toni hadi D meja, ufunguo ulio jirani kabisa kwenye vibao vya piano lakini ulio mbali sana kwa sikio, kwa sababu kati ya noti saba za kila mmoja, funguo hizo mbili zinashirikiana noti mbili tu. Kisha muziki unashuka hadi C meja, ambayo iko nusu toni chini ya pale tulipoanzia. Katika vipimo vinane, kijana huyu wa miaka 21 amepita juu ya nyumba na chini ya nyumba bila kuingia, na anarejea mlangoni kwa kodi tatu zinazoshuka nusu toni baada ya nusu toni.

Kwa mwimbaji wa kawaida, safari hiyo ni mtihani, kwani sauti isiyotulia hupotea njia pale pale daraja linapoanza. Kwa mpigaji anayebuni papo hapo, ni neema. Katika nyimbo nyingi za wakati ule mpigaji aliweza kukaa juu ya noti chache zile zile kwa vipimo vinane akasikika vizuri. Hapa hawezi, maana noti iliyokuwa tamu sekunde mbili zilizopita sasa inakwaruza, na kila kipimo kinamtaka afanye uamuzi mpya. Ndiyo maana wimbo huu uligeuka mapema kuwa kipimo cha uwezo. Charlie Parker, ambaye baadaye angeubadilisha muziki wote wa jazz, alisimulia kwamba alipokuwa kijana mdogo huko Kansas City alijaribu kuupiga kwa kasi maradufu mbele ya wanamuziki waliomzidi, wakamcheka hadi akarudi kwao akilia, na hakushika tena saksafoni kwa miezi mitatu.

Ni lazima niseme wazi kwamba Hawkins hakuukuta wimbo huu ukiwa umetupwa. Louis Armstrong aliurekodi Los Angeles mwezi Oktoba 1930, wakati onyesho la Broadway lilipokuwa ndiyo kwanza linaanza, akauimba na kuupiga kwa tarumbeta kama mtu asiyeona tofauti kati ya kazi hizo mbili. Mwaka 1935 Benny Goodman, mpiga klarineti mzungu, aliurekodi pamoja na mpiga piano mweusi Teddy Wilson na mpiga ngoma Gene Krupa, katika kundi la watu watatu ambalo kuwapo kwake tu kulikuwa changamoto kwa ubaguzi uliotawala majukwaa ya Marekani. Mwaka 1938 Roy Eldridge na Chu Berry waliurekodi, Eldridge akiirarua kasi ya wimbo kwa tarumbeta yake na Berry akiubembeleza kwa saksafoni ya tenori. Mtu anayedai kwamba Hawkins aliuvumbua peke yake anawanyima hao haki yao. Ninachodai ni kingine: wote hao waliucheza wimbo wa Green, kila mmoja kwa lafudhi yake, ilhali Hawkins alicheza kitu kingine kilichosimama juu ya kodi zile zile.

Alikuwa ametayarishwa kwa jambo hilo na maisha yake yote. Alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa St. Joseph, Missouri, akajifunza piano na selo utotoni kabla ya kupewa saksafoni, na kwa hiyo alisikia muziki kwa wima, kodi kwa kodi, wakati wapulizaji wengi wa rika lake waliusikia kwa mlalo kama mstari wa melodi. Alikaa takriban miaka kumi katika bendi ya Fletcher Henderson, na humo ndimo alimoitoa saksafoni ya tenori katika hadhi ya ala ya kuchekesha watu na kuipa sauti ya kiume, nzito na yenye mitetemo. Mwaka 1934 alivuka bahari. Aliyemleta Uingereza ni Jack Hylton, kiongozi yule yule ambaye bendi yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuurekodi Body and Soul. Hawkins alibaki Ulaya miaka mitano, akapiga Uholanzi, Uswisi, Ubelgiji na Ufaransa, ambako alirekodi na Django Reinhardt na Benny Carter mwaka 1937. Bendi ya Hylton ilipokwenda Ujerumani mwaka 1935, utawala wa Wanazi ulimkatalia kuingia kwa sababu ya rangi yake. Kufikia kiangazi cha 1939 kila mwenye macho aliona vita vinakuja, naye akarudi New York mwezi Julai.

Alirudi katika jiji lililokuwa na wafalme wapya. Lester Young alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba saksafoni ya tenori inaweza kupigwa kwa sauti nyepesi, isiyo na mtetemo, yenye mantiki tofauti kabisa na ya Hawkins. Ben Webster na Chu Berry nao walikuwa wamekomaa. Watu walijiuliza waziwazi kama mzee, ambaye hata hivyo hakuwa ametimiza miaka 35, amepitwa na wakati. Ni katika hali hiyo ambapo aliingia studio na bendi ya watu tisa kurekodi nyimbo nne kwa ajili ya Bluebird, tawi la RCA Victor lililouza santuri kwa bei nafuu. Body and Soul haukuwa wimbo aliokusudia kuurekodi. Ulirekodiwa kwa sababu kampuni iliutaka, baada ya watu kumsikia akiupiga kilabuni.

Naomba msomaji atafute rekodi hiyo na kuisikiliza kwa utulivu, kwa kuwa hakuna hoja ya karatasini inayoweza kuchukua nafasi yake. Gene Rodgers anafungua kwa piano, vipimo vinne tu. Hawkins anaingia kwa upole, karibu kwa kunong'ona, na katika vipimo vichache vya mwanzo melodi ya Green bado inatambulika, ingawa tayari ameanza kuikunja kingo zake. Baada ya hapo anaiaga. Kinachobaki ni mwendo wa kodi, naye anautembeza kwa sentensi ndefu zinazopanda na kushuka ndani ya kila kodi, akigusa noti za kupitia ambazo hazimo kwenye karatasi lakini ambazo, ukishazisikia, unaona zilikuwa zinasubiri kuguswa. Anapofika darajani hakanyagi kwa woga kama waimbaji wengi. Analifanya badiliko lile la nusu toni lionekane kuwa njia pekee iliyokuwapo. Mzunguko wa pili unaanza na ala nyingine za kupuliza zinaingia nyuma yake kwa sauti tulivu, huku yeye akiongeza nguvu hatua kwa hatua, sauti ikipanda, pumzi ikizidi kuwa nzito, hadi kufikia kilele, kisha anashuka, anabaki peke yake bila bendi kwa mistari michache ya mwisho, na bendi inamfungia kwa kodi moja ndefu. Mizunguko miwili, vipimo 64, na hakuna mahali pengine popote baada ya ule mwanzo ambapo mtu angeweza kuimba maneno ya Heyman sambamba naye.

Jambo la ajabu ni kwamba umma uliipenda. Kwa desturi santuri isiyo na mwimbaji na isiyo na melodi ya kukumbuka haikutarajiwa kuuzwa, lakini hii iliuzwa, ikajaa kwenye mashine za santuri za vilabu, na wasikilizaji wakaanza kumwomba Hawkins aipige kama ilivyo, noti kwa noti, yaani walimtaka mtu aliyebuni papo hapo akariri alichobuni. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba aliupiga kama alivyopiga kitu kingine chochote. Alisimulia pia kwamba wapo wanamuziki waliodai anapiga noti zenye makosa. Ushuhuda wa namna hiyo nauthamini kuliko sifa, kwa sababu unaonyesha kwamba hata wajuzi wa mwaka 1939 walisikia kitu kisichokuwamo kwenye karatasi.

Hapa pana pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Mtu anaweza kusema kwamba Hawkins hakutunga chochote, alitembea tu juu ya barabara iliyojengwa na Green, na kwamba bila lile daraja pasingekuwa na pa kutembelea. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Kodi ni za Green, na ni kodi nzuri mno. Mtu aliyezitunga akiwa na miaka 21 alistahili kila sifa aliyoipata, zikiwamo tuzo za Oscar alizozipata baadaye Hollywood kwa kazi za filamu kama West Side Story na Oliver!. Lakini tukiufuata mkondo huo hadi mwisho wake tunafika mahali pagumu, kwa sababu sheria yenyewe haikumpa Green umiliki wa kodi. Kwa kawaida mwendo wa kodi peke yake haulindwi na hakimiliki; kinacholindwa ni melodi na maneno. Kwa hiyo kile ambacho Hawkins alikichukua kutoka kwa Green ndicho kile ambacho hakikuwa mali ya mtu, na kile ambacho kilikuwa mali ya Green na wenzake, yaani melodi na maneno, ndicho Hawkins alichokiacha kando baada ya vipimo vichache. Hata hivyo mirabaha ya utunzi ilikwenda kwa wale wanne.

Ilikwenda kwa utaratibu ulio wazi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliruhusu yeyote kuurekodi wimbo uliokwisha kurekodiwa mradi amlipe mwenye utunzi senti mbili kwa kila nakala, na kiwango hicho hakikubadilika hadi mwisho wa miaka ya 1970. Senti mbili za kila santuri ya Hawkins zilikuwa haki ya upande wa utunzi. Hawkins alilipwa kama mpigaji, kwa kadiri ya mkataba wake na kampuni, na ubunifu wake wa vipimo 64 haukumpa sehemu yoyote katika utunzi. Redio ilikuwa ngumu zaidi kwake. Kila santuri hiyo ilipochezwa hewani, waandishi wa wimbo walistahili malipo kupitia mashirika yanayowakusanyia mirabaha, lakini mpigaji hakustahili hata senti. Robert Sour, mmoja wa wale wanne, alikuja hata kuliongoza mojawapo ya mashirika hayo, BMI. Simlaumu kwa hilo. Alifanya kazi halali iliyowasaidia watunzi wengi. Nataja tu kwamba wenye karatasi walikuwa na shirika la kuwakusanyia malipo ya redio, na wenye pumzi hawakuwa nalo.

Naamini Hawkins alilielewa jambo hili vizuri kuliko wachambuzi wake. Mwezi Februari 1944 aliingia studio ya kampuni ndogo ya Apollo akiwa na vijana waliokuwa wakitengeneza muziki mpya, miongoni mwao Dizzy Gillespie, Oscar Pettiford na Max Roach, na akarekodi kipande kilichoitwa Rainbow Mist. Ukikisikiliza unatambua mara moja mwendo wa kodi: ni Body and Soul, daraja na vyote, lakini safari hii melodi ya Green haipo hata mwanzoni, na mtunzi anayetajwa ni Hawkins. Kisheria hakuna aliyeibiwa chochote. Kisanaa, alikuwa amejipatia mwenyewe kile ambacho mwaka 1939 hakikuandikwa kwa jina lake. Vijana aliokuwa nao waliigeuza njia hiyo kuwa desturi ya kizazi kizima: walichukua kodi za nyimbo za Broadway, wakaweka juu yake melodi mpya, na wakazisajili kama tungo zao. Mara nyingi desturi hiyo huelezwa kama mchezo wa akili wa wanamuziki wajanja. Mimi naiona pia kama jibu la watu waliochoka kulipia nyumba waliyoijenga wenyewe.

Yaliyofuata katika historia ya wimbo yanaithibitisha nafasi ya Hawkins. Sarah Vaughan aliuimba mwaka 1942 katika shindano la chipukizi la ukumbi wa Apollo huko Harlem, akashinda, na kazi yake yote ikaanzia hapo. Mwaka 1960 John Coltrane, akiwa na McCoy Tyner kwenye piano, aliurekodi kwa kasi ya wastani, akiweka noti moja ya besi inayodumu chini ya sehemu ya kwanza na kulijaza daraja kodi za ziada. Ni toleo linaloeleweka tu kama mazungumzo na Hawkins, mpigaji wa tenori akimwambia mpigaji wa tenori kwamba nyumba ile ina vyumba zaidi. Tony Bennett na Amy Winehouse waliuimba pamoja katika studio za Abbey Road mwezi Machi 2011, miezi minne kabla ya Winehouse kufariki, na toleo hilo likapata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata; ni zuri, na ni miongoni mwa machache ya karne hii yanayorudi kwa dhati kwenye maneno ya 1930.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa mwimbaji wa jazz Eddie Jefferson. Yeye alichukua solo ya Hawkins ya mwaka 1939, noti kwa noti, akaitungia maneno mapya yanayomsifu Hawkins mwenyewe, na kuiimba. Mwaka 1979 kundi la Manhattan Transfer likaiimba tena, likiwaenzi Hawkins na Jefferson pamoja. Tafakari maana ya jambo hilo. Dakika tatu zilizobuniwa papo hapo mchana mmoja studioni zilikuwa na umbo imara kiasi cha kuwekewa maneno, kukaririwa, kupangiwa sauti nne na kuimbwa na watu ambao hawapigi saksafoni. Kama hiyo si tungo, basi sijui tungo ni nini.

Tangu tarehe 1 Januari 2026, Body and Soul ya Green, Heyman, Sour na Eyton iko huru nchini Marekani, kwa kuwa miaka 95 ya ulinzi imekwisha, na mtu yeyote huko anaweza kuuchapa, kuuimba na kuupangia upya bila kumlipa mtu. Rekodi ya Hawkins ina saa yake tofauti. Sheria ya shirikisho ya Marekani ilianza kulinda rekodi zilizofanywa kuanzia tarehe 15 Februari 1972 tu, na zile za zamani ziliachwa katika sheria za majimbo zisizolingana hadi mwaka 2018, Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria mpya ya muziki iliyozipa rekodi za kati ya 1923 na 1946 ulinzi wa miaka 100. Kwa hesabu hiyo, santuri ya 1939 italindwa hadi mwisho wa mwaka 2039, na mwenye haki hiyo ni kampuni, maana RCA leo ni sehemu ya Sony. Hata hivyo sheria hiyo ya 2018 ilileta jambo moja la haki: rekodi ya zamani ikichezwa kwenye redio ya intaneti au ya setilaiti, asilimia 45 ya malipo ni ya msanii mkuu au warithi wake, na asilimia 5 ni ya wapigaji waliomsindikiza. Ilichukua miaka 79 tangu Hawkins apulize noti ile ya kwanza.

Redio ya kawaida, ile ya masafa ya hewani, bado imeachwa nje. Marekani ni miongoni mwa nchi chache sana ambako kituo cha redio kinamlipa mtunzi na hakidaiwi chochote na mpigaji. Tanzania, kwa mfano, ilikwisha kutambua hakishiriki, yaani haki zinazoambatana na hakimiliki, za wasanii wanaotumbuiza katika sheria yake ya mwaka 1999, hata kama utekelezaji wake una kasoro nyingi zinazostahili makala nyingine. Miswada ya kuziba pengo hilo imewasilishwa Bungeni huko Washington zaidi ya mara moja, na kila mara wenye vituo wamefaulu kuizuia kwa hoja kwamba kuchezwa redioni ni matangazo ya bure kwa msanii. Hoja hiyo haiwezi kumhusu mtu aliyefariki tarehe 19 Mei 1969. Haiwahusu pia wapigaji walio hai ambao pumzi na vidole vyao ndivyo vinavyofanya karatasi isikike, na ambao wanapaswa kulipwa kwa kiwango kile kile anacholipwa aliyeandika karatasi hiyo.